Usinilinganishie slabu na Fort Jesus

Juzi, baada ya pande la zege kuangukia dawati, nimegonga kwa nyundo slabu, yaani dari ya zege, ya shule moja hapa kisiwani Mombasa iliyojengwa kwa mchanga wa bahari, ikanijibu kwa mlio wa mtungi mtupu. Nikashauri madarasa manne yafungwe, mengine yaendelee. Kabla sijamaliza ngazi, mzazi akanitupia swali lililonichosha masikio: "Injinia, mchanga wa bahari una ubaya gani? Fort Jesus si ya matumbawe, na iko pale tangu Wareno?"

Iko, naam, tangu 1593. Lakini tafuta nondo mle, hupati. Ni mawe ya matumbawe, chokaa na kuta nene. Nyumba za Mji wa Kale nazo, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Chumvi haina chuma cha kula humo. Slabu ya shule inategemea nondo. Saruji huivisha nondo ngozi nyembamba ya kuilinda. Kloridi, iliyomo katika chumvi ya bahari, ikifika, ngozi hutoboka na kutu huanza. Kutu hiyo huvimba, ikataka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, basi hulisukuma zege kutoka ndani mpaka linameguka. Lile pande lililoangukia dawati halikuchoka kwa uzee. Lilisukumwa.

Halafu kuna mafundi wanaoonja mchanga kwa ulimi! Kikomo kinachotumika sana kwa zege la nondo ni kloridi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji: gramu 200 kwa mfuko wa kilo 50, ukijumlisha ya mchanga, kokoto na maji. Ulimi gani una mizani hiyo? Na wengine huosha mchanga kwa maji ya kisima yaliyo chumvi vilevile.

"Piga plasta tu," wengine huniambia. Plasta huficha ufa, haiondoi kutu. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la kahawia, niite mimi kabla ya mpaka rangi.

"Jengo limesimama miaka 30." Kloridi haina haraka.

"Kama ni hatari, mbona hamkufunga shule nzima?" Kwa sababu jengo la pili lilijengwa na mtu mwingine, kwa mchanga mwingine, na nimelipima. Uingereza, mwaka 2023, zaidi ya shule 100 ziliamriwa kufunga majengo yenye zege jepesi la matundu, siku chache kabla ya muhula. Nyingi ziliendelea kufundisha kwingine.

Na zile nguzo za muda za kushikilia slabu, tafadhali, asizitoe mtu apate pa kuegesha bodaboda. Nimeshaliona hilo.