Kipande cha ukuta kitakachotolewa: nondo au hapana?

Swali limenirudia wiki hii, safari hii kutoka kwa mzee mwenye ghala la mpunga Igurusi, Mbeya. Anajenga kwa paneli za zege zinazomwagwa kiwandani Dar na kuletwa kwa lori. Sehemu moja ya ukuta anataka iwe mlango wa baadaye: leo izibwe, akipata mtaji wa ghala la pili aitoe. Fundi wake kamwambia, "Hapo usiweke nondo mzee, si utabomoa?"

Weka. Nyembamba, lakini weka.

Fundi anaiwaza paneli ikiwa imesimama. Siku ngumu ya paneli ni ile inapobanduliwa kwenye kalibu, zege likiwa bado changa, ikanyanyuliwa ikiwa imelala. Paneli ya mita 6 kwa 3, unene milimita 150, ina zaidi ya tani 6. Ikining'inia inapinda kwa uzito wake yenyewe, na zege likivutwa lina takribani sehemu moja ya kumi tu ya nguvu liliyo nayo likigandamizwa. Halafu kuna barabara (aliyepanda mlima Kitonga na mzigo mzito hahitaji kuelezwa). Kuzunguka kipande tumeacha mfereji kwenye zege ili kikatike kirahisi, kwa hiyo hapo ndipo pembamba kuliko pote. Pasipo chuma, ufa utaanzia hapo kabla ghala halijaona gunia.

Mimi hupitisha wavu wa waya mwembamba, unaovuka mfereji na kukatika kwa grinda. Nondo nene haziingii humo. Zinazunguka tundu la mlango kama fremu, na kwenye kona za juu naongeza za mshazari, maana nyufa hupenda kona. Hesabu ya nguvu ya ukuta mzima naipiga kana kwamba tundu lipo tangu siku ya kwanza. Wengi hukosea hapa: wanategemea chuma ambacho siku moja kitakatwa. Nasi Mbeya tumekaa kwenye bonde la ufa, matetemeko si hadithi.

Siku ya kukitoa, kipande cha mita 1 kwa 2.1 kina kama kilo 750, sawa na magunia saba na nusu ya kilo mia. Kifungwe kwenye winchi kwanza, ndipo grinda iwashwe.

Mzee nimemwomba apige picha nondo zote kabla zege halijamwagwa, aziweke pamoja na hati ya kiwanja. Atakayekuja kukata huenda leo bado yuko shule ya msingi.