Baada ya Janga: Ndugu Wanatosha Lini, na Mtaalamu Aonwe Lini?

Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia mji wa Katesh, kaskazini mwa Tanzania. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kila linapotokea janga la namna hiyo, sisi wanasaikolojia huulizwa: walionusurika wapelekwe kwa mtaalamu mara moja, au waachwe na ndugu zao?

Kwa wiki za mwanzo, jibu langu karibu siku zote ni ndugu. Kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, kububujikwa machozi ghafla: huo ni mwili uliotoka hatarini na bado unajihami. Kwa walio wengi hali hupoa yenyewe, mradi wako salama, wanakula na hawaachwi wapweke. Matanga yetu yanaifanya kazi hiyo vizuri mno. Yuko anayekoroga uji, anayelala chumbani na mfiwa, anayembebea mtoto. Nauhesabu huo kuwa msaada kamili, pamoja na dua, sala na kikundi cha akina mama.

Kuna desturi moja tu ninayoomba tuiache. Kila mgeni akiingia, "Hebu tuambie, ilikuwaje?" Hadi jioni mfiwa amesimulia mara kumi. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri kumketisha mtu aliyetoka kwenye janga na kumtaka aeleze yote kwa kikao kimoja. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, kaa naye. Wala asipewe vidonge vya usingizi vya jirani.

Kipimo changu ni mwezi mmoja: hali isipopoa kufikia hapo, mtaalamu aonwe. Chukua mfano wa mama ambaye, miezi mitatu baada ya mafuriko, mvua ikianza tu kugonga bati huwaamsha watoto, huwavisha viatu na kusimama nao uani mpaka ikatike. Sokoni haendi tena, maana njia inavuka korongo. Ndugu humwambia, "Mshukuru Mungu umepona." Anashukuru kila siku, na usingizi hauji. Hajapungukiwa imani wala watu, anahitaji tiba. Na anayewaza kujiua asisubiri mwezi wala wiki: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya janga, mara nyingi huchukua vikao 8 hadi 12. Humo pia tukio husimuliwa, ila taratibu, mbele ya mtu aliyefunzwa, na mwenye maumivu ndiye anayeamua pa kupumzika. Kisha huja mazoezi: leo akae ndani manyunyu yakidondoka, wiki ijayo avuke korongo akishikwa mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watoto 640 waliofiwa na wazazi, mjini na vijijini, Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata tiba hiyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Huna haja ya kusimulia janga lote pale mapokezi. Taja usingizi, ndoto, na mahali unapopakwepa, uombe rufaa. Dada au rafiki aliyelala nawe siku za matanga aje pia, akusubiri kwenye benchi la nje.