Mwalimu mkuu mkali hatoshi

Nimeisikia tena kauli ile, safari hii kwenye kikao cha wazazi hapa Pemba: "Tuleteeni mwalimu mkuu mkali, skuli itakaa sawa." Nawaheshimu wazee wangu, lakini imani hii inatuumiza. Toka elimu ilipotangazwa bure Zanzibar Septemba 1964, walimu hupangwa na kuhamishwa na Serikali. Mkali atakuja, na iko siku ataondoka.

Chukua msimu wa karafuu. Madarasa yanapungua, watoto wako mashambani, wengine wamefuata wazee wao dago, kwenye kambi za wachumaji karafuu. Skuli moja ilikuwa na mwalimu mkuu aliyelimudu hilo: anaelewana na sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, anajua ampigie nani kila kijiji, anajua mtoto gani ana bibi anayesikilizwa nyumbani. Yote yalikuwa kichwani mwake na kwenye simu yake. Siku ya makabidhiano mrithi wake akapewa funguo, mhuri, daftari la mali na vitabu vya fedha. Msimu uliofuata rejista zikajaa utoro, na mgeni wa watu akaambiwa hajui kuongoza.

Kinachoniudhi ni tunavyomtumia mwalimu mkuu msaidizi, ambaye angebaki na ujuzi huo. Tunampa kengele, zamu na ratiba, kisha tunasema tunamwandaa. Tunamwandaa kwa lipi? Hajawahi kukaa na mzazi aliyekuja amefura, wala kuamua fedha kidogo iliyopo itengeneze choo au inunue chaki. Skuli za mikondo miwili, wanafunzi wa asubuhi na wa jioni, ndiyo wazi zaidi: jioni yeye ndiye aliyepo, lakini kila jambo zito linasubiri asubuhi. Mwachieni aamue! Akikosea, wakae wawili, mlango ufungwe, waambizane.

Shaka ninayo. Skuli iliyoporomoka, walimu hawaingii madarasani, pengine inahitaji kwanza mtu mmoja mwenye sauti. Lini aanze kulegeza mkono? Kanuni ya kuaminika sijaipata. Tena si haki kumtwisha msaidizi uongozi huku vipindi vyake viko vilevile, apunguziwe.

Ninachowaomba wanaopanga uhamisho ni hiki: anayeondoka na anayeingia wapewe muda wa kuzunguka vijijini pamoja, na msaidizi awemo, kabla karafuu hazijaanza kuchumwa.