Uso wa jicho uzeeni: kwa nini jicho kavu hutoa machozi

Mzee ameketi anasoma. Kila baada ya muda anafuta machozi kwa kitambaa, na ukimuuliza anakwambia macho yanamchoma kama yameingia mchanga. Waliomzunguka husema ana machozi mengi. Mara nyingi tatizo lake ni kinyume cha hilo: macho yake ni makavu.

Tuanze na maana. Madaktari wakisema "uso wa jicho" hawataji kitu kimoja. Kuna konea, ile sehemu angavu kama kioo iliyo mbele ya mboni, ambayo katikati ina unene wa takriban nusu milimita tu. Kuna konjaktiva, utando mwororo unaofunika weupe wa jicho na kuendelea hadi upande wa ndani wa kope. Juu ya vyote hivyo yametanda machozi, nazo kope huyasambaza upya kila tunapopepesa. Hawa ni majirani wanaotegemeana, na uzee ukimgusa mmoja, wengine nao hupata taabu.

Machozi si maji matupu. Yana ute unaoyashikisha kwenye jicho, maji yenyewe, na juu kabisa mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa ndani ya kope, na matundu yake yako ukingoni, nyuma tu ya nywele za kope. Kwangu mimi, hapa ndipo uzee unapoanzia madhara yake makubwa. Miaka inavyosonga, tezi hizo husinyaa, na mafuta yaliyokuwa yakichuruzika kama ya kupikia huwa mazito na kuziba matundu. Tezi ya machozi nayo hupunguza maji. Basi machozi huachana kabla mtu hajapepesa tena, na mabaka ya konea hubaki wazi. Neva za konea hupeleka taarifa, na tezi hujibu kwa kumwaga maji kwa wingi, yakashuka mashavuni. Maji hayo ya dharura hayana mafuta wala ute wa kutosha, kwa hiyo hayakai. Baada ya muda mfupi jicho limekauka tena.

Wanawake waliokoma hedhi hupatwa zaidi na hali hii, kwa sababu mabadiliko ya homoni hugusa tezi hizo. Dawa nazo huchangia, hasa baadhi ya zile za mzio na za sonona.

Konjaktiva hulegea, ikajikunja kama soksi iliyoshuka, pale juu ya ukope wa chini. Mikunjo hiyo inaweza kuziba njia ya machozi kuelekea puani. Ukope wenyewe ukilegea unaweza kugeukia nje, au ndani, nywele zikawa zinakwaruza konea kila mtu anapopepesa.

Konea ina habari mbili tofauti. Tabaka lake la nje hujijenga upya kwa muda wa wiki moja hivi, likilishwa na seli shina, yaani seli zinazozaa seli mpya, zilizo ukingoni mwa konea. Uzeeni seli shina hizo hupungua nguvu, na mkwaruzo huchelewa kupona. Tabaka la ndani kabisa halizaliwi upya: seli zikifa, zilizobaki hutanuka kuziba mapengo. Kazi yao ni kusukuma maji yasijae kwenye konea ikafifia, ndiyo maana daktari anaweza kutaka kuzihesabu kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Isitoshe, konea ya mzee huhisi maumivu kidogo kuliko ya kijana, kwa hiyo jeraha linaweza kupita bila yeye kushtuka.

Pete ya kijivu kuzunguka konea huwatia watu hofu bure. Ni mafuta yaliyojikusanya, na hayazuii kuona. Ikitokea kwa mtu aliye chini ya miaka 40, hapo apime kolesteroli.

Kwa ukavu wenyewe, kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, hulainisha mafuta yaliyoganda. Kisha kope zikandwe taratibu kuelekea ukingoni. Lakini jicho jekundu lenye maumivu, linaloumizwa na mwanga, au lililopungua kuona ghafla, lisisingiziwe uzee. Hilo ni la kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.