Kabla Hujalipia Pikipiki ya Kwanza, Soma Kadi Yake

Malalamiko ya wanunuzi wa pikipiki zilizotumika yanazidi kufika mezani kwetu, na mengi yanafanana: fedha imeshalipwa, pikipiki ipo nyumbani, lakini kadi ina jina la mtu ambaye hata muuzaji hajui anakoishi. Makala hii ni kwa anayenunua pikipiki yake ya kwanza, ndogo, ya kwenda kazini na kurudi, kwa fedha ya kujibana. Hatupendekezi chapa wala duka.

Tuanze na ukubwa. Injini yenye ujazo wa cc 100 hadi 125 inatosha kwa mtu mmoja kwenye barabara za mjini, ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Inakula mafuta kidogo, na ni nyepesi kuinyanyua ikilala. Cc 150 ina maana kwa anayepanda vilima na abiria au mzigo, mathalani Lushoto au Njombe. Kumbuka pia leseni: daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizofika cc 125, na zilizozidi hapo zinahitaji daraja A. Boxer BM 150 ina kama cc 145, hivyo iko daraja A. TVS HLX 125 iko chini kidogo ya cc 125, hivyo inabaki A1. Soma cc kwenye kadi, usisome stika ya tanki. Stika hubandikwa na yeyote. Na leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki, hata uwe nayo miaka 20.

Kabla ya kuchagua aina, pita duka la vipuri lililo karibu na kwako, uulize bei ya cheni seti, breki za nyuma, sahani za klachi na waya wa klachi. Vikikosekana viwili kati ya hivyo, tafuta aina nyingine. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, ndiyo maana kipuri cha moja mara nyingi hukaa kwenye nyingine na bei yake ni nafuu. Pikipiki ya bei ya chini ambayo kipuri chake kinaagizwa kutoka mkoa mwingine itakugharimu zaidi ndani ya mwaka mmoja.

Sasa kadi, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Omba kadi halisi. Usikubali kivuli wala picha ya kwenye simu. Linganisha vitu vinne na pikipiki yenyewe: namba ya usajili inayoanza na MC, namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, uisome kwa tochi, herufi moja baada ya nyingine. Ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kabisa. Zilizotengenezwa China huanza na L. Za India huanza na M, mara nyingi MD au ME. Ukiuziwa pikipiki ya Kihindi yenye namba inayoanza na L, simamisha mazungumzo. Fanya hivyo pia ukiona alama za tupa, rangi mpya kwenye sehemu ndogo ya shingo tu, au tarakimu zilizopinda mstari.

Kisha ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa mtandaoni wa Polisi wa kukagua madeni ya faini. Tangu Julai 2021 faini ya papo kwa papo kwa pikipiki ni Sh 10,000 kwa kosa, kutoka Sh 30,000, na deni husajiliwa kwenye namba ya chombo. Ukinunua bila kukagua, umenunua na deni.

Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Kama aliinunua kwa mwingine bila kuhamisha umiliki, huyo mwenye jina ndiye anayetakiwa kuja kusaini. Tumelisema hili mara nyingi na tunalirudia: karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haihamishi umiliki. Umiliki unahamishwa TRA. Wote wawili mnahitaji TIN na vitambulisho, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na wakili na kadi halisi, kisha ada na ushuru wa stempu hulipwa kwa kumbukumbu namba. Toa malipo ya awali, na salio umkabidhi muuzaji siku mnayowasilisha maombi ya uhamisho.

Jihadhari zaidi na pikipiki ya mkataba, ile ambayo dereva anailipia kidogo kidogo kwa mwenye nayo hadi iwe yake. Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri hana haki ya kuiuza kabla hajamaliza, hata akikuonyesha daftari la malipo. Ikibainika ni ya wizi, Kanuni ya Adhabu inamgusa pia anayekutwa nayo. Wewe utatoa maelezo, na pikipiki itakaa kituoni kama kielelezo hadi shauri liishe. Muuzaji asiyehamisha umiliki naye asijione salama: chombo kikigonga mtu na kukimbia, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina kwenye kadi.

Kadi ikiwa safi, ndipo uangalie chuma. Fika asubuhi na uguse injini. Ikiwa ya moto, imeshawashwa ili kuficha kitu, subiri ipoe. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake oili inaungua, yaani ringi au sili za valvu zimechoka, na hiyo ni kazi ya kufungua injini. Vuta cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya gia kubwa: ikinyanyuka hadi unaona nusu ya jino, cheni seti imekwisha. Weka stendi kubwa, nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukikwama katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekufa. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia uone kama linacheza. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele uone kama kina oili. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukiijaribu barabarani, injini ikipiga kelele zaidi bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Mara nyingi chanzo ni oili ya gari. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za gari zina viambato vya kupunguza msuguano. Tumia oili ya pikipiki ya four-stroke yenye alama ya JASO MA, kama lita 1, na uibadilishe kila kilomita 2,000 hadi 3,000. Kwa pikipiki mpya, oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500.

Ukiwa na milioni 2, usizimalize kwenye bei. Bakiza walau laki 3 za uhamisho, oili, breki na bima. Bima aliyokata muuzaji ni mkataba wake na kampuni yake, si wako. Kata yako siku hiyo hiyo na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Bima ndogo hulipa madhara uliyomsababishia mwingine, na haikurudishii pikipiki ikiibwa. Kofia ngumu ziwe mbili, yako na ya abiria, zenye alama ya TBS na mkanda unaofungwa kidevuni. Iliyowahi kugonga lami ibadilishwe hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi.