Tela la tani moja halibebi boti ya tani moja

Juzi nimeisikia tena, pale Sahare, Tanga, jamaa kaja na boti ya fiba nyuma ya pikapu, tairi za tela zimebonyea mpaka huruma, ukimuuliza anakwambia hamna shida, hili tela la tani moja na boti yenyewe ni kilo 900 tu. Nikanyamaza, ila leo naandika.

Uzito wa jumla wa tela ni kiwango cha juu kabisa ambacho tela PAMOJA na vyote vilivyo juu yake havitakiwi kuzidi. Ndo ile namba inayogongwa kwenye kibati cha tela. Maana imeisha hapo.

Tatizo liko kwenye hili neno jumla. Sisi tumelizoea dukani, jumla na rejareja, kwa hiyo mtu akisikia jumla akili inaenda kwenye mzigo anaobeba. Lakini neno ni la Kiarabu na huko ni kitu kizima, vyote kwa pamoja, na waliosoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, kwa maalim watakumbuka jumla ni sentensi iliyotimia, ukiitoa sehemu moja haiitwi tena jumla. Sasa wewe unalitoaje tela kwenye jumla yake mwenyewe? Madereva wa malori wala huwaelezi hili, wanajua mizani haiulizi umebeba nini, inapima gari na mzigo wake wote.

Chukua kibati cha kilo 1,000. Tela lenyewe, chuma, winchi na tairi, tuseme 250. Umebaki na 750, hiyo ndo haki ya boti, wengine wanaiita uwezo wa kubeba na ni sawa waite hivyo, ila wasiite jumla. Halafu karatasi ya muuzaji inasema boti kilo 500, na mara nyingi hiyo ni bodi tupu, mashine haimo! Weka mashine ya farasi 40, hizi za tustroki, kilo 70 na kitu, petroli lita 100 ni kama kilo 75 maana petroli ni nyepesi kuliko maji, betri, nanga na kamba yake, majaketi, na lile kasha la barafu ambalo kurudi linarudi na nguru, unajikuta umegusa 750 na hukuona ulipoipitia. Yule wa kilo 900 alishazidi kabla hata hajatia mafuta.

Uzito unaolalia nyuma ya pikapu ni habari nyingine, kama asilimia 5 mpaka 10 ya hiyo jumla, ukiwa mdogo sana tela linatikisa mkia barabarani. Mambo ya boti ikalie rolla au mbao za kapeti, na chuma kilichochovywa zinki kwa sababu ya chumvi, watu wetu wanayajua vizuri tu, beringi zikishaoza mara moja mtu anajifunza.

Kwa hiyo kaka, ukienda kwa fundi usimwambie nataka tela la tani moja. Mwambie boti yangu ikiwa na mashine, mafuta na vikorokoro vyake inafika kilo fulani, halafu muulize na yeye, hilo tela likiwa tupu lina kilo ngapi?