Kituo cha Zamani, na Maji Mnayosema Hatukuwa Nayo

Wiki iliyopita nilipita mbele ya kituo chetu cha zamani cha zimamoto. Milango yake mirefu imepakwa rangi mpya, mnara bado umesimama. Baba mmoja alikuwa amemshika mwanawe mkono, akamwonyesha kwa kidole: "Hapa ndipo walipokuwa wakikaa zimamoto, wale wa kuja bila maji." Mtoto akacheka.

Kauli hiyo nimeisikia misibani, kwenye basi na kwa kinyozi, na miaka yote nimeinyamazia. Safari hii sinyamazi, maana yule mtoto ataikuza.

Zamu ilipokelewa hivi. Kengele ya asubuhi ikilia, kabla ya chai, dereva anapanda juu ya gari, anafunua mfuniko wa tangi na kuyatazama maji kwa macho yake. Geji hatukuiamini. Maji yakipungua hata kidogo, yanaongezwa hapo hapo. Wala si kwa ajili ya moto peke yake. Tangi lililojaa nusu linamtisha dereva kuliko tangi tupu, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia. Unakata kona, tani mbili zinakuhamia upande mmoja. Ndani kuna vizuizi vya bati vya kuyatuliza, lakini havimalizi msukosuko wote. Dereva aliyewahi kuusikia ule mzigo ukimvuta kwenye kona hatoki kituoni na nusu tangi kwa hiari yake.

Basi maji tulikuwa nayo. Yalikwenda wapi?

Fanya hesabu nami. Gari letu lilibeba lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Ukiziona zimepangwa uwanjani utasema hizo zinazima mtaa mzima. Lakini mpira wa milimita 45 unatoa kama lita 450 kwa dakika. Moto wa nyumba hatuukabili kwa mpira mmoja, kwa hiyo fungua miwili: lita 900 kila dakika. Tangi linakauka kabla dakika ya tano haijatimia. Na hapo nimekuhesabia kana kwamba gari limesimama mlangoni. Mara nyingi uchochoro hauliruhusu kuingia, linabaki barabarani, nasi tunatandika mpira mkubwa wa milimita 70 hadi karibu na nyumba. Kipande kimoja cha mita 20 kinameza lita 77 ndipo kijae. Unganisha vitano, umeshatumia lita 385 na hakuna tone lililogusa moto.

Sasa wewe umesikia kelele, umevaa viatu, umekimbia, umefika dakika ya saba. Unaona watu wenye kofia ngumu wameshika mpira uliolegea. Unasema hawana maji. Ni kweli, wakati huo hawana. Ila uliloliona ni mwisho wa maji, ukadhani ndio mwanzo.

Gari la kwanza halibebi maji ya kuumaliza moto. Linabeba maji ya kuanzia, ya kuokoa aliye ndani na kuuzuia moto usivuke kwenda kwa jirani, huku wengine wakitafuta haidranti, yaani koki ya maji ya mtaani ya kuunganishia mipira yetu, au boza likiwa njiani. Hapa ndipo lawama yenu ingefaa kuelekezwa. Kituo cha zamani kilikuwa na ramani ya haidranti ukutani, na kila askari mpya alilazimika kuichora bila kuitazama. Niliichora mara nyingi hadi mkono ukaizoea. Kisha tunafika usiku, haidranti iliyo kwenye ramani imefunikwa na lami, au mtu amejenga ukuta juu yake, au inafunguka na kutoa upepo mtupu. Mtu anayeegesha gari juu ya haidranti ndiye huyo huyo kesho anayesema tulikuja mikono mitupu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Na lile la mto! "Maji yako pale chini, kwa nini hamvuti?" Pampu haivuti maji kama mnavyofikiri. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Uzito huo una kikomo: mita 10 na kidogo usawa wa bahari, hata pampu ingekuwa ya aina gani. Kazini, ukipata mita saba umshukuru Mungu. Ukisimama juu ya daraja lenye kimo cha mita 12, mto ulio chini yako unautazama tu.

Wapo pia wanaotuona tumefika na hatumwagi. Tunaizunguka nyumba, tunauliza nani yuko ndani, tunahakikisha umeme umekatwa. Lita moja ya maji ikichemka yote inakuwa mvuke wa lita kama 1,700. Ukiyarusha ovyo kupitia dirishani, mvuke huo unaweza kumuunguza mtu unayetaka kumtoa.

Mnara, kwa haraka: wetu haukuwa wa kutazamia moto. Mipira ya zamani ilifumwa kwa pamba na kitani, ikibaki na unyevu inaota koga na kuoza, kisha inapasuka siku unayoihitaji. Kwa hiyo tukirudi saa tisa usiku, tunaisugua kwanza na kuipandisha mnarani ining'inie, ndipo tulale. Nguzo ya kutelezea kutoka ghorofani, kengele ikilia, nayo haikuwa mchezo. Ilianzia Chicago mwaka 1878, kikosini mwa kapteni David Kenyon, kwa sababu ngazi zilikuwa zinakula muda.

Vitabu vinatoa kanuni ya kukokotoa maji yanayohitajika kwa ukubwa wa chumba. Usiku, ndani ya moshi, hujui hata chumba kinaishia wapi. Je, uyabane maji yadumu dakika kumi, au upige yote kwa nguvu na kutumaini? Usiku mmoja niliyabana, paa likaanguka. Mwenzangu aliamini nilipaswa kupiga yote. Tulibishana kwenye benchi chini ya ule mnara mpaka alipostaafu, na sijapata jibu.

Na kuna siku moja maneno yenu yalikaribia ukweli. Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye moto, tangi halina hata robo, tukaitwa kwingine: kuna watoto ghorofani. Kujaza kungetuchukua dakika ambazo hatukuwa nazo. Tulikwenda hivyo hivyo, na kona zote nilizisikia. Watoto waliteremka kwa ngazi yetu. Nyumba ilituungulia machoni, na watu walitutukana mpaka boza lilipofika. Bado najiuliza kama tungejaza kwanza.

Yule baba nilimfuata, nikamsalimia, nikamweleza habari za ndoo 200. Mwanawe hakuzijali. Alikuwa anautazama mnara, akaniuliza, "Babu, mpira mmoja ulikuwa unafika mpaka chini?"

Nikamwambia tulikuwa tunaukunja katikati, ncha zote mbili zinaning'inia, maji yanachuruzika sakafuni usiku kucha.